Maandamano Yaanze Kuandikwa Saa Ngapi?

Jumapili, Juni 30, 2024, Rais William Ruto aliketi na waandishi wa runinga katika Ikulu ya Nairobi akasema watu 19 walikuwa wamefariki katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ikatoa hesabu yake: waliokufa 39, waliojeruhiwa 361, waliokamatwa 627. Mwandishi anayeogopa kuonekana ana upande huandika kwamba waliokufa ni "kati ya 19 na 39", akaenda zake akidhani ametenda haki.

Hajatenda. Kauli hiyo inamfanya msomaji aamini kuna mtu mmoja aliyekadiria, akapata kima cha chini na cha juu. Ukweli ni kwamba kuna wahesabuji wawili. Hesabu ya KNCHR ilihusu nchi nzima kuanzia Juni 18 hadi Julai 1, na tume ilieleza hivyo. Hesabu ya Rais ilitolewa kwa mdomo, mahojiano yakiendelea. Kila nambari ina mwenyewe, ina tarehe na ina eneo lake, na ukizichanganya umezitupa zote mbili. Namna sahihi ni sentensi mbili: huyu alisema hivi siku hii, wale wakasema vile siku ile, na kila mmoja alihesabu nini.

Nimeanza na hesabu za nyumbani kwa sababu mjadala unaotusumbua wengi tangu 2024 ni wa mbali kidogo: tuandikeje maandamano ya wanafunzi wa vyuo kuhusu vita vya nchi nyingine bila kuegemea? Swali lilikuja na mahema ya wanafunzi waliopinga vita vya Gaza katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, likabaki. Kuna wanaodhani dawa yake ni kuchuja vivumishi tu. Mimi naona kosa kubwa hufanyika mapema zaidi, katika mstari wa kwanza, pale mwandishi anapochagua saa ya kuanzia.

Ichukue Columbia yenyewe. Ukianza usiku wa kuamkia Aprili 30, wanafunzi wanavunja vioo na kuliteka jengo la Hamilton Hall, na polisi wanaokuja baadaye ni watu wa kurejesha utulivu. Ukianza Aprili 18, rais wa chuo wakati huo, Minouche Shafik, anawaita polisi waondoe mahema uwanjani, watu zaidi ya 100 wanakamatwa, na kutekwa kwa jengo kunakuwa jibu. Ukianza Aprili 17, mahema yanapigwa alfajiri ya siku ileile ambayo Shafik anahojiwa na kamati ya Bunge la Marekani kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi chuoni kwake. Rudi hadi Oktoba 7, 2023, utaanza na shambulio la Hamas lililoua watu wapatao 1,200 nchini Israel na mateka wapatao 250 wakachukuliwa. Na ukianza na Gaza kufikia mwisho wa Aprili 2024, Wizara ya Afya ya huko ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 34,000 waliouawa. Hakuna hata moja kati ya saa hizo za kuanzia ambayo ni uongo. Lakini kila moja inamweka mtu tofauti katika nafasi ya mchokozi, kabla mwandishi hajatumia kivumishi hata kimoja.

Njia ninayoitetea ni kutenganisha saa ya tukio na saa ya chanzo. Saa ya tukio huanza pale mtu wa kwanza alipofanya jambo mahali penyewe, chuoni: hema la kwanza, barua ya kwanza ya utawala, amri ya kwanza ya kuondoka. Kuanzia hapo kila hatua ifuate nyingine kwa mpangilio, bila kurukwa. Saa ya chanzo ipewe sehemu yake, nayo ibebe tarehe na majina ya waliohesabu vifo vya pande zote. Mwandishi aseme wazi kwa nini ameanzia hapo alipoanzia. Msomaji wa Afrika Mashariki anastahili pia kukumbushwa kwamba miongoni mwa waliouawa Oktoba 7 walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo. Na wakati wa kuandika kuhusu Sudan, akumbushwe kwamba Februari 2025 wapiganaji wa RSF, wanaopigana na jeshi la Sudan, na washirika wao walikutana katika ukumbi wa KICC, katikati ya Nairobi, kupanga serikali yao sambamba, na serikali ya Sudan ikamwita balozi wake nyumbani. Vita vya wengine vina kawaida ya kufika Harambee Avenue, mtaa wa KICC.

Baada ya saa huja kitenzi. Kiswahili cha habari kina vitenzi visivyo na mtendaji ambavyo tumevizoea mno: vurugu zilizuka, makabiliano yalitokea, hali ya taharuki ikatanda. Usiku wa kuamkia Mei 1, 2024, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kundi la watu waliopinga kambi ya mahema liliishambulia. Habari za kwanza zilisema pande mbili zimepambana. Baadaye gazeti la New York Times lilipitia video zaidi ya 100 na kuonyesha ghasia zilizoendelea kwa takriban saa tano, polisi wakiingilia kidogo sana au wasiingilie kabisa. Neno "mapambano" lilikuwa limeonekana la haki kwa sababu liligawa lawama nusu kwa nusu. Kumbe lilikuwa limeficha nani alimwendea nani. Kitenzi chenye mtendaji kinamtaka mwandishi awe na ushahidi. Kama hana, aandike kwamba haijathibitishwa nani alianza, jambo ambalo ni taarifa kamili.

Kuhusu jina la maandamano sitakaa sana. Yaite kwa dai lake lililoandikwa. Wanafunzi wa Columbia walidai chuo kiondoe uwekezaji wake katika kampuni walizosema zinanufaika na vita. Liandike hilo kwanza, kisha utaje wanavyojiita na wanavyoitwa na wapinzani wao. Walikuwamo wanafunzi Wayahudi waliofanya mlo wa Pasaka ndani ya mahema, na walikuwamo wanafunzi Wayahudi waliosema wanaogopa kupita hapo. Alikuwapo pia mmoja wa viongozi wa kambi aliyefungiwa na chuo kwa maneno ya kutisha aliyorekodiwa akiyasema Januari. Yote yaingie, kila jambo kwa ukubwa wake. Taasisi ya ACLED, inayorekodi migogoro duniani, ilihesabu maandamano 553 ya vyuo vya Marekani kati ya Aprili 18 na Mei 3, na kuona kwamba asilimia 97 yalikuwa ya amani. Ukijaza ukurasa kwa hizo asilimia 3 zilizobaki, umedanganya ukitumia mambo ya kweli.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, hasa kwetu, ni dai la mkono wa nje. Maandamano yakihusu vita vya kigeni, dai hilo huja lenyewe, na Nairobi tunalijua kwa uchungu. Novemba 1987 Wafula Buke, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi SONU katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikamatwa pamoja na viongozi wenzake. Wanafunzi wakaandamana, polisi wakaingia, chuo kikafungwa na SONU ikapigwa marufuku. Buke akahukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa shtaka la kuipelelezea Libya, nchi iliyokuwa imeshambuliwa kwa mabomu na Marekani mwaka uliotangulia. Mtu anayepekua kumbukumbu za mwaka ule atakuta hukumu ya mahakama, karatasi yenye muhuri. Atakuta pia, katika masimulizi ya Buke mwenyewe miaka ya baadaye, mateso katika jengo la Nyayo House, Nairobi. Mahakama zetu zimekwisha kuwalipa fidia watu kadhaa walioteswa katika jengo hilo. Kwa hiyo kuandika tu kwamba "alipatikana na hatia ya ujasusi" ni kunukuu karatasi na kuacha mazingira ambamo karatasi hiyo ilipatikana. Hati ya serikali ni ushahidi wa kile serikali ilichosema na kutenda. Kama kilichosemwa ni kweli, hilo linahitaji ushahidi mwingine.

Miaka 37 baadaye, Julai 2024, Rais aliutaja wakfu wa Ford Foundation wa Marekani kwamba ulifadhili vurugu za Kenya, nao ukakana. Miezi michache kabla, meya wa New York wakati huo, Eric Adams, alikuwa akisema wachochezi kutoka nje wameingia vyuoni. Yeye alitoa nambari, nazo zinafaa kukaguliwa kwa karibu. Kati ya watu 112 waliokamatwa Columbia na viunga vyake usiku wa Aprili 30, asilimia 29 hawakuwa na uhusiano na chuo. Kati ya 170 waliokamatwa City College, chuo kingine cha New York, usiku huohuo, asilimia 60 hawakuwa na uhusiano. Changanya vyuo viwili upate karibu nusu, na kichwa cha habari kiko tayari. Sasa tenganisha: Columbia, chuo kilichokuwa kimefunga malango yake, zaidi ya theluthi mbili walikuwa watu wa chuo. Halafu uliza anayehesabiwa wa nje ni nani, alikamatiwa ndani ya jengo au barabarani, na kama kuwa mkazi wa mji ule tu kunamfanya mchochezi. Nambari ya polisi haikuwa ya uongo. Ilikosa maswali.

Kwetu swali la mahali lina uzito wa pekee. Ukisema "wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliandamana", hujasema walianzia wapi. Kampasi kuu inapakana na katikati ya jiji, na Kituo Kikuu cha Polisi kiko palepale University Way. Chiromo iko upande wa Westlands, na Lower Kabete ni mbali zaidi magharibi. Ubalozi wa Marekani uko Gigiri, ule wa Israel uko Upper Hill. Njia ambayo msafara unachagua inaeleza unamsemesha nani, na mahali ulipozuiwa panaeleza zaidi. Ramani ndogo yenye mshale huokoa aya tatu za mabishano.

Na kuna hiki kinachoitwa kibali. Kila mara tunasoma kwamba polisi walitawanya waandamanaji "wasio na kibali". Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha, na Sheria ya Utaratibu wa Umma inataka notisi kwa mkuu wa kituo, siku 3 hadi 14 kabla. Notisi ni kuarifu. Mwandishi anayeandika "hawakuwa na kibali" bila alama za kunukuu amechukua msimamo wa upande mmoja kuhusu sheria, pengine bila kujua. Aombe nakala ya notisi, aangalie muhuri wa kupokelewa, aandike tarehe. Kama haikupelekwa, aandike hivyo pia.

Kazi bora niliyoiona ya kurekodi kwa namna hii ilifanyika hapahapa jijini, ingawa haikuhusu chuo wala vita vya kigeni. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa filamu ya Blood Parliament kuhusu Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge. Timu ilichambua picha na video zaidi ya 5,000. Ili kujua kipi kilitangulia, walitumia taarifa zilizofichwa ndani ya mafaili ya picha, muda wa matangazo ya mubashara, na saa za hadharani zilizoonekana nyuma ya watu. Simu moja ikikosea muda, saa ya ukutani inaisahihisha. Picha mbili zenye moshi uleule zinafungamana. Ndivyo walivyoweza kuonyesha risasi ilitoka upande gani na wakati gani. Anayejaribu kazi hii kwa Kiswahili aweke mtindo mmoja tangu mwanzo, maana simu huandika 14:20 na shahidi husema saa nane na dakika ishirini, na daftari lisilo na mpangilio huzaa kosa la saa sita.

Upande wa serikali ulilalamika kwamba filamu ilikuwa ya upande mmoja. Malalamiko hayo nayachukulia kwa uzito, kwa sababu ni haki kuuliza kama madhara waliyoyafanya waandamanaji ndani ya Bunge yamerekodiwa kwa kipimo kilekile. Lakini jibu la ushahidi wa saa na picha ni kuleta saa na picha nyingine. Kudai dakika sawa za sauti kwa kila upande hakubadilishi risasi ilikotoka.

Linabaki suala la nyuso, na hapa nakataa usawa wa juu juu. Oktoba 2023 magari yenye skrini yalizunguka Columbia yakionyesha majina na picha za wanafunzi. Nchini Kenya, tangu Juni 2024, KNCHR ilirekodi vijana waliotekwa kutoka majumbani na barabarani; katika taarifa ileile ya Julai 1 ilikuwa imefikisha visa 32. Kwa hiyo faili asili litunzwe salama bila kuguswa, na nakala inayochapishwa ifunike nyuso za wanafunzi ambao hawakukubali kutambulishwa. Afisa aliyevaa sare na kushika bunduki ya umma asifunikwe. Wapo wahariri wanaoniambia huko ndiko kuegemea. Afisa yuko pale kwa mamlaka aliyopewa na wananchi na anawajibika kwao kwa jina na nambari yake ya kazi. Mwanafunzi yuko pale kwa haki yake mwenyewe, na kesho atakuwa amesimama peke yake kwenye kituo cha matatu.