Mkono Unaoujua Moto

Kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi siku hizi kuna rafu nzima ya vipande vya protini, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi inayometameta. Vijana wa mazoezi huvinunua kwa bei ya mlo wa mchana. Ukitoka nje ya mlango huohuo na kutembea kidogo, utamkuta muuza kahawa ameketi, dele lake liko juu ya makaa, na kando yake pana sahani ya kashata. Karanga, sukari, iliki kidogo, basi. Kashata ya gramu 30, ikiwa theluthi mbili zake ni karanga, ina takribani gramu 5 za protini, pungufu kidogo tu ya zile za yai moja la kuku. Watu wa pwani wametafuna chakula hiki cha nguvu tangu enzi za mababu, na kimekuwa kikitengenezwa nyumbani, jikoni, kwa sufuria na mwiko.

Naandika kumsifu anayekitengeneza. Chakula chenye viungo vitatu humwanika mpishi wake: hakuna mchuzi wa kuficha karanga iliyoungua, wala pilipili ya kufunika sukari iliyopitiliza. Ukiumega mraba wa kashata nzuri, unavunjika kwa mlio mmoja mkavu, hauna ugumu wa kutisha meno, na karanga iliyomo imeiva mpaka kwenye kiini. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kazi huanza kabla moto haujawashwa, kwenye ungo. Mpishi anayejiheshimu humwaga karanga zake na kuzichambua moja moja. Huondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, na zile zenye dalili yoyote ya ukungu. Ni kazi ya kuchosha macho na mgongo, na mnunuzi haioni. Lakini ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus akiota kwenye karanga hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini na kusababisha saratani, na moto wa jikoni hauimalizi. Kwa kawaida sumu hiyo hujikusanya kwenye karanga chache zilizoharibika, kwa hiyo anayezitupa hizo hupunguza sehemu kubwa ya hatari. Mama anayeinamia ungo kwa saa nzima analinda maini ya watu asiowajua.

Anapochambua, hutenganisha pia kubwa na ndogo. Karanga ndogo na kubwa zikikaangwa pamoja, ndogo huungua kabla kubwa hazijaiva. Wengi hupendelea zile ndogo zenye ngozi nyekundu, kwa sababu hulingana ukubwa na zina mafuta ya kutosha.

Karanga yenyewe ni zao linalotaka kujuliwa. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ilifika Afrika kwa meli za Wareno. Ua lake huchanua juu ya ardhi, kisha kikonyo chake huinama, huchoma udongo na kuingia chini, na huko gizani ndiko ganda hujengeka. Bila udongo laini kikonyo hakipenyi, na hata kikipenya, karanga hazing'oki. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ukianzia Kongwa. Matrekta yaliletwa, vichaka vikang'olewa, reli na bandari zikapangwa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Jua lilipoukausha uligeuka mgumu, na karanga zikabaki ndani yake. Mvua nazo zilikuwa haba. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza karibu pauni milioni 36. Wakulima wa huko Dodoma bado wanalima karanga hadi leo, kwa kuijua ardhi yao na mvua yao. Karanga inayofika kwenye ungo wa mpishi wa kashata imeshapita kwenye mikono ya mtu mwingine mwenye ujuzi.

Sasa moto. Wajuzi wa zamani hukaanga karanga kwa mchanga. Mchanga safi, uliooshwa na kukaushwa, huwekwa kwenye karai na kupashwa mpaka uwe wa moto sawasawa, ndipo karanga humwagwa ndani yake. Mchanga huikumbatia karanga pande zote na kuipa joto lilelile juu na chini. Bila mchanga, upande unaogusa chuma huungua na ule mwingine hubaki mbichi. Wengine hutumia chumvi ya mawe kwa kazi hiyohiyo. Makaa yawe machache, na mwiko usitulie.

Hapa mpishi husikiliza zaidi ya kutazama. Mwanzoni karanga husuguana kwa sauti nzito, kwa kuwa bado zina maji. Maji yakianza kuzitoka, sauti hupanda na kuwa nyepesi, ngozi huanza kupasuka, na harufu hubadilika kutoka ya majani kuwa ya kitu kilichookwa. Nilimtazama bibi mmoja jirani katika hatua hii. Alichota karanga moja, akaipuliza, akaipasua katikati kwa kucha ya kidole gumba na kuigeuzia mwanga wa mlangoni. Ndani ilikuwa na weupe wa maziwa, kwa mbali ikianza kuwa ya manjano. Akaepua karai.

"Bibi, mbona bado nyeupe?" mjukuu wake akauliza.

"Zitajimalizia zenyewe, mwanangu. Karanga haisahau moto upesi."

Na ndivyo ilivyo. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta hushika joto. Karanga iliyoondolewa motoni huendelea kuiva kwa dakika kadhaa. Anayesubiri mpaka iwe kahawia karaini atakula karanga chungu. Bibi alizichekecha mchanga ukaanguka, akazifikicha kwa viganja ndani ya kitambaa ngozi zikatoka, kisha akazipepeta. Yakapaa maganda, zikabaki karanga, na rangi yake sasa ilikuwa ya dhahabu hafifu, ileile aliyoikusudia tangu mwanzo.

Sukari ndiyo mtihani wa pili, na wapishi wamegawanyika juu yake. Wapo wa sukari kavu na wapo wa shira.

Wa sukari kavu hutumia sufuria nzito na moto mdogo, bila tone la maji. Kwa muda mrefu huoni kitu. Asiye na subira huongeza makaa hapo, na hapo ndipo anapoharibu. Kisha pembeni sukari hulowa, hushikana mabonge, na mabonge huanza kuachia. Rangi hutoka kwenye manjano ya nyasi kavu, ikaingia kwenye asali, ikafuata shaba. Katika nyuzi joto 160 hadi 170 za Selsiasi sukari hugeuka kuwa karameli, na kutoka shaba hadi masizi ni suala la sekunde. Anayeepua mapema hupata utamu mtupu. Anayechelewa hupata uchungu usiotibika. Fundi huepua pale utamu unapoanza kuwa na uchungu kidogo, kwa sababu uchungu huo ndio unaoifanya kashata ya pili itamanike.

Wa shira huchemsha sukari na maji. Hawa wana kipimo kizuri kisichohitaji kipimajoto: bakuli la maji baridi. Tone la shira likidondoshwa humo na likabaki laini, bado. Likinyooka na kupinda, bado kidogo. Likikatika kwa mlio, shira imefika karibu nyuzi 150 na maji karibu yote yameondoka. Matone machache ya ndimu huingia mapema, na yana kazi yake: asidi huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo huizuia isigande chengachenga. Shira ikishachemka haikorogwi ovyo, maana punje moja ya sukari iliyobaki ukingoni mwa sufuria yatosha kuirudisha yote kuwa sukari.

Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: karanga ziingie zikiwa za moto. Karanga za baridi huishtua sukari, ikaganda palepale sufuriani kabla haijazivika zote. Na karanga zikiwa tayari, iliki iliyotwangwa huingia mwishoni kabisa, kwa kuwa moto mwingi huitoa harufu.

Kuanzia hapo kazi iliyokwenda polepole tangu asubuhi hugeuka kuwa mbio. Ubao umeshapakwa mafuta, kifimbo cha chapati kimeshapakwa, kisu kimeshapakwa, kila kitu kiko mkononi. Mchanganyiko humwagwa, husukumwa kwa kifimbo mpaka unene wa kidole, kingo hunyooshwa kwa ubapa wa kisu. Kisha mpishi hufanya kama mhunzi na chuma chake: hukata wakati bado kuna moto. Akikata mapema mno, mistari hujifunga tena. Akichelewa, kisu hugonga jiwe na kashata hupasuka vipande visivyo na umbo. Muda huo ni mfupi mno, na hakuna saa inayoupima, kwa sababu hutegemea unene wa ubao, upepo wa siku ile na kiasi cha sukari. Bibi yule hugusa kingo kwa ncha ya kidole. Kidole kikiacha alama isiyonata, kisu kinashuka: mistari mirefu kwanza, halafu ya mshazari, vipande vinatoka vya pembe kali, vyote sawa. Hakati kwa kuvuta kisu. Hukishindilia moja kwa moja hadi ubaoni.

Mwenye kutaka kujaribu nyumbani achukue vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa kwa kikombe kimoja cha sukari. Awaondoe watoto jikoni na aweke bakuli la maji baridi karibu, maana sukari ya nyuzi 160 huganda kwenye ngozi na kuendelea kuichoma.

Kashata ya ufuta ina adabu zake. Ufuta, unaolimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, una punje ndogo ambazo huiva kwa dakika chache na kuungua kwa sekunde. Hukaangwa mkavu na hurukaruka, kwa hiyo mfuniko huwa karibu. Kaskazini mwa Uganda ufuta huitwa simsim, na huko huviringwa vitufe vitamu vinavyouzwa sokoni na kwenye vituo vya mabasi. Wapo wanaochanganya ufuta na karanga katika kashata moja, na wana busara kuliko pengine wanavyojua: karanga haina methionini ya kutosha, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na ufuta unayo kwa wingi. Vikikutana, protini ya kimoja huikamilisha ya kingine.

Kwa anayekwepa sukari nyeupe ipo njia ya tende. Tende zilikuja pwani kwa majahazi ya Ghuba, yakisukumwa na upepo wa kaskazi, na zinanata zenyewe bila moto. Hutolewa kokwa, hutwangwa kinuni na karanga na ufuta, na kushindiliwa kwenye sinia. Kipande chake ni laini, hakivunjiki kwa mlio, lakini kinafaa sana kwa mkimbiaji na kwa mtoto wa shule. Ufundi wake uko kwenye kutwanga: karanga zipasuke, zisisagike mpaka zikatoa mafuta.

Limebaki suala la kuhifadhi. Hewa ya pwani ina unyevu, na karameli huunyonya. Kashata iliyoachwa wazi usiku kucha huamka inanata. Kopo kavu lenye mfuniko wa kubana ndilo dawa, na kashata iingizwe ikiwa imepoa kabisa, kwani mvuke wake wenyewe nao huilainisha.

Baada ya yote hayo, kashata hufika kwenye sahani ya muuza kahawa na kuuzwa kwa sarafu. Utamu wake umepimwa kwa ajili ya kahawa chungu ile: unamega, unatafuna, unapiga funda, na kila kimoja kinamrekebisha mwenzake. Mnunuzi huondoka bila kujua juu ya ungo, mchanga, tone kwenye bakuli wala kidole kilichogusa kingo. Siyo lazima ajue. Lakini ujuzi huu hauandikwi popote kwa ukamilifu. Uko kwenye masikio, pua na vidole vya watu ambao wengi wao sasa ni wazee. Kama mtaani kwenu yupo anayejua, mwombe ukakae naye siku moja, umsaidie kuchambua karanga, uone lini anaepua. Na ukinunua kashata yake, usimpunguzie bei.