Penseli Mbele ya Kiti cha Pweza

Mchoro wa baiolojia hauna mbwembwe. Huchorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri, mistari iwe myembamba na isikatikekatike, kivuli kisitiwe, na mistari ya majina isipishane. Wengi huuona kuwa ni njia ya kutafutia alama za mtihani. Mimi nauhesabu miongoni mwa sanaa adhimu zinazofundishwa shuleni, na thamani yake huonekana hasa katika somo la ulinganifu wa mwili wa wanyama.

Kitabu hulimaliza somo hilo kwa ukurasa mmoja. Ukimgawa kipepeo katikati kutoka kichwani hadi mkiani, kulia kunafanana na kushoto. Huo ni ulinganifu wa pande mbili. Yavuyavu hugawika sawasawa kwa mistari kadhaa inayopitia katikati. Huo ni ulinganifu wa duara. Sifongo wengi hawana ulinganifu wowote. Mwanafunzi hukariri, hufaulu, kisha husahau.

Sasa mwekee kiti cha pweza ndani ya beseni la maji ya bahari, umpe karatasi na muda. Ataona mikono mitano. Akimgeuza taratibu atakuta kinywa katikati, na chini ya kila mkono mfereji wenye safu za vijiguu laini vinavyopapasa. Atachora mkono mmoja kwa makini, kisha atashawishika kuurudia mara tano bila kutazama tena. Mwalimu hodari humzuia hapo hapo. Tazama mgongoni, kando kidogo ya kitovu, baina ya mikono miwili: kuna kibamba kidogo chenye vitundu vyembamba mno, mlango wa maji yanayoendesha vile vijiguu. Kipo kimoja tu. Kwa ajili yake, mistari mitano iliyoonekana kumgawa mnyama huyu sawasawa hubaki mmoja. Anayenakili ubaoni hukiruka kibamba hicho. Anayechora kwa kutazama hukikuta.

Na si ajabu kiwepo. Kiti cha pweza akiwa lava mdogo anayeelea majini ana upande wa kulia na wa kushoto, kama kipepeo. Mikono mitano huja baadaye, anapogeuka kuwa mkubwa.

Hata mabingwa hushindwa na kishawishi cha kunyoosha. Ernst Haeckel, mwanabaiolojia wa Ujerumani, alitoa kati ya 1899 na 1904 picha 100 za viumbe, zilizochorwa kwenye mawe ya chapa na Adolf Giltsch. Ni picha za kupendeza mno, nami sichoki kuzitazama. Lakini Haeckel amelaumiwa kwa kuwapa viumbe wake ulinganifu kamili kuliko walio nao, na nadhani lawama hiyo ni ya haki. Mchoraji wa sayansi hana ruhusa ya kumrekebisha mnyama.

Mfano mzuri wa ugumu wa kukishinda kishawishi hicho ni wale kaa wadogo wa mikokoni. Jike ana magando mawili madogo yanayofanana. Dume ana dogo la kulia chakula, na jingine kubwa la kupungia majike na kupigania, ambalo laweza kukaribia nusu ya uzito wake. Kwa wengine liko kulia, kwa wengine kushoto. Mkono uliozoea kuchora nusu na kugeuza nusu hukwama kwa kaa huyu, na kukwama huko ndiko kujifunza kwenyewe. Mwanafunzi aliyekwama hivyo hatashangaa akiambiwa kwamba pafu letu la kulia lina sehemu 3 na la kushoto 2.

Walimu wa sayansi, msianze na ubao. Anzeni na mnyama, awe panzi, konokono au kaa, na mchoro wa kitabu uje baadaye kwa kulinganisha. Na aliyetolewa baharini arudishwe majini mapema, akiwa hai.