Kiwanda Kinapouzwa, Bia Hubadilikia Wapi

Ladha ya bia haibadiliki siku kiwanda kinapouzwa. Siku hiyo hubadilika majina kwenye hati za hisa tu. Matangi huendelea kuchachua pombe ileile, kwa hamira ileile, chini ya mpishi yuleyule. Mabadiliko, yakija, huja baadaye, pale mmiliki mpya anapogusa nafaka, muda wa bia kukaa tangini, joto la kuchachulia au mji wa kupikia. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kampuni kubwa imeiharibu bia ya kampuni ndogo hana budi kufuata hatua za upishi, si tangazo la ununuzi.

Tanzania haijawahi kuwa na viwanda vidogo vya bia kwa mamia kama Marekani au Uingereza. Ina hata hivyo historia ya mkubwa kummeza mdogo, na ya wakubwa kugawana soko. Baada ya South African Breweries kuingia Tanzania Breweries (TBL) mwaka 1993, kampuni ya Kenya, East African Breweries (EABL), nayo ilivuka mpaka ikapika bia Moshi kupitia Kibo Breweries, huku Waafrika Kusini wakipika Castle mjini Thika, Kenya. Vita hiyo ilimalizika 2002 kwa mapatano: Thika ikafungwa, Moshi ikafungwa, EABL ikachukua asilimia 20 ya TBL, na TBL ikapewa leseni ya kupika bia za EABL, Tusker ikiwamo. Mnywaji hakuulizwa. Bia ya kampuni moja ikawa inapikwa na mpishi wa kampuni nyingine, kwa maji mengine, kwenye matangi mengine.

Serengeti Breweries (SBL) ilikuwa nje ya mapatano hayo. Ilianza ikiitwa Associated Breweries, na ikajijengea jina kwa Serengeti Premium Lager, bia iliyouzwa kwa sifa ya kupikwa kwa kimea kitupu. Mwaka 2010 EABL, iliyokuwa chini ya Diageo ya Uingereza, ilinunua asilimia 51 ya SBL kwa takriban dola milioni 60. Tume ya Ushindani iliruhusu kwa sharti kwamba EABL iachane na hisa zake za TBL, nazo zikauzwa kwa umma mwaka 2011. Sharti hilo lilihusu ushindani sokoni. Ladha haina kipengele chake katika uchunguzi wa aina hiyo, na kusema kweli ni vigumu kufikiria kingeandikwaje.

Wakati wa ununuzi SBL ilikuwa ikipika Dar es Salaam na Mwanza. Baadaye kikaongezwa kiwanda cha Moshi, mji uleule ambao EABL ilikuwa imeuhama miaka kadhaa nyuma. Hapo ndipo kazi ngumu ya kampuni kubwa inapoonekana: chupa tatu kutoka miji mitatu lazima zionje sawa. Maji ya Ziwa Victoria si maji ya chemchemi za Kilimanjaro, na yote mawili si maji ya Dar es Salaam. Chumvi zilizomo kwenye maji huamua jinsi kimea kinavyoachia sukari yake na jinsi uchungu wa hopsi unavyokaa ulimini. Viwanda vikubwa hulitatua jambo hili kwa kuyavua maji chumvi zake, kisha kurudisha kiasi kilichoandikwa kwenye kanuni. Hamira hukuzwa safi maabara, husambazwa viwandani, na hutupwa baada ya vizazi vichache kabla haijaanza kuchoka na kutoa harufu isiyotakiwa. Juu ya hayo kuna jopo la waonjaji waliofunzwa, wanaokaa kwenye chumba kisicho na harufu na kupewa glasi zisizo na majina, wakitafuta dalili za kasoro: harufu kama ya siagi, ambayo ni alama ya bia iliyotolewa tangini mapema; harufu ya mahindi ya kuchemsha; au ladha ya karatasi kavu inayotokana na oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza chupa.

Kiwanda kidogo mara nyingi hakina vifaa vya kupima oksijeni ndani ya chupa wala maabara ya hamira. Kikipata mpishi hodari bia yake hung'aa, na akiugua wiki moja kreti nzima huweza kuwa chachu. Kwa upande huu mnunuzi mkubwa huinua ubora, na ubishi haupo.

Ubishi upo kwenye kimea. Bia ya kimea kitupu ina protini nyingi zaidi. Povu lake hudumu, rangi yake hukolea, na mwili wake huwa mzito kinywani. Sehemu ya kimea ikibadilishwa na mahindi, mchele au sukari, kilevi hubaki kilekile, ila bia hupauka na kuwa nyepesi. Si uchakachuaji, bia nyingi zinazouzwa sana duniani hupikwa hivyo, na kwenye jua la saa nane mchana wengi huipenda nyepesi. Lakini hesabu ya gharama haikomi kwenye kukata kiu. Shayiri ya bia ni zao la nyanda za baridi na husumbua kupatikana, wakati mtama na mahindi yako kila mahali. Serikali nazo zimesukuma upande huohuo: Uganda ilipunguza ushuru kwa Eagle, bia ya mtama iliyoanzishwa 2002, na Tanzania nayo ikaweka kiwango cha chini cha ushuru kwa bia ya nafaka za ndani zisizooteshwa kimea. Mkulima wa mtama amefaidika. Mhasibu wa kampuni naye amepata sababu ya kuangalia kila kanuni ya bia iliyonunuliwa na kuuliza kama kimea chote kile ni cha lazima.

Hatua ya pili inayobadilika bila mnywaji kuambiwa ni upishi wa bia nzito. Badala ya kupika bia ya asilimia 5 ya kilevi, kiwanda hupika ya asilimia 7 au 8, kisha huiongezea maji yaliyotolewa oksijeni kabla ya kujaza chupa. Tangi lilelile hutoa bia nyingi zaidi na umeme huokolewa. Gharama yake iko kwenye ladha: hamira inayofanya kazi kwenye sukari nyingi hutoa manukato ya matunda kupita kiasi, na yakishapunguzwa na maji bia hubaki na harufu nyingi kuliko mwili. Mpishi mzuri hurekebisha kwa kushusha joto na kutumia matangi marefu, kwa kuwa mgandamizo wa kimo hupunguza manukato hayo. Ndiyo maana bia za namna hii huishia kuwa safi sana na kufanana sana.

Nayo barabara ina neno lake. TBL na SBL zina viwanda Mwanza, na kutoka huko hadi Nyakisasa, wilayani Ngara, kreti hupita Sengerema, Geita na Biharamulo, siku hizi zikivukia daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 badala ya kungoja kivuko. Zikifika hukaa dukani majuma kadhaa, pengine bila friji. Bia iliyo hai, isiyochujwa na isiyopashwa joto, isingehimili. Chupa za kiwandani huoshwa kwa maji ya moto hadi bia iliyomo ifike nyuzi 60 hivi kwa dakika kadhaa, ili hamira na bakteria waliobaki wafe. Joto hilo hufifisha manukato ya hopsi na kuacha dalili ya mbali ya mkate, lakini bila hilo hakuna bia ya chupa Ngara.

Mfano unaofundisha zaidi kuliko Serengeti ni wa pombe za nafaka, kwa sababu huko kampuni kubwa ilikinunua kitu ambacho ubora wake wote ulikuwa kutodumu. Kampuni ya Darbrew ya Ubungo, Dar es Salaam, mpikaji wa Chibuku, ilikuja kuwa chini ya TBL, iliyoshika asilimia 60 ya hisa. Chibuku cha kawaida hupakiwa kikiwa bado kinachachuka. Kwanza bakteria hukipa uchachu kama wa maziwa mgando, kisha hamira hugeuza sukari kuwa kilevi, na kazi hiyo huendelea ndani ya pakiti. Siku ya kwanza ni kitamu na chepesi. Siku ya nne kikali na chachu. Wiki ikiisha hakinyweki. Wanywaji wazoefu huchagua siku yao, na muuzaji anayewajua huwawekea.

Mwaka 2012 kampuni ya Delta ya Zimbabwe, mshirika wa SABMiller (South African Breweries kwa jina lake jipya), ilitoa Chibuku Super, kilichopashwa joto, kikaongezwa gesi na kutiwa chupa ya plastiki, na SABMiller ikaieneza njia hiyo katika nchi nyingine. Maisha ya pombe yakapanda kutoka siku tano au saba hadi wiki tatu. Kibiashara ulikuwa ushindi mkubwa, na kiafya pia, kwa sababu pombe iliyofungwa vizuri haichafuliwi njiani. Ila hamira ikishakufa, siku ya kwanza na ya ishirini ni moja. Mnywaji amenunua uthabiti kwa kuuza chaguo la siku.

Rubisi ya Kagera iko upande wa pili kabisa wa jambo hili. Ndizi za pombe huivishwa, hukamuliwa pamoja na nyasi hadi juisi itoke, maji huongezwa, kisha mtama uliokaangwa na kusagwa hutiwa. Chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake pombe iko tayari. Hamira hutoka kwenye mtama, ndizi na chombo chenyewe, ndiyo maana rubisi ya kaya moja haifanani na ya jirani. Siku mbili tatu baadaye imekwisha au imekuwa siki. Kampuni ikitaka kuinunua haina cha kununua: hakuna tangi, hakuna kanuni iliyoandikwa, na bidhaa haifiki mbali. Jaribio lililofaulu la kuitia pombe ya ndizi kwenye chupa, la Banana Investments ya Arusha tangu miaka ya 1990, lilipita njia ya kiwanda tangu mwanzo.

Marekani, ambako ununuzi wa viwanda vya ufundi umekuwa mwingi, hatua hizihizi zimeonekana kwa ukubwa zaidi. Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011 kwa dola milioni 38.8. Bia yake ya ngano iitwayo 312, namba ya simu ya katikati ya Chicago, ilihamishiwa kwenye kiwanda kikubwa jimboni New York. Wapishi waliweza kuifananisha, lakini jina likabaki kichekesho. Bia yao nyeusi inayozeeshwa kwenye mapipa ya wiski iliingiwa na bakteria mwaka 2015, fedha za wateja zikarudishwa, na kuanzia mwaka uliofuata ikaanza kupashwa joto. Kosa hilo halikuwa la mnunuzi. Mbao za pipa hukaribisha vijidudu kwa mwenye kiwanda chochote. Ila mnunuzi ndiye aliyekuwa na fedha za kurudisha. Kinyume chake, Ballast Point ya San Diego ilinunuliwa 2015 kwa dola bilioni 1 na ikauzwa tena mwaka 2019, kwani bei hiyo ilidai mauzo ambayo bia ya ufundi haiwezi kuyabeba.

Hukumu kuhusu Tanzania basi ni ya pande mbili. Kasoro zimepungua: chupa ya leo iliyosafiri vizuri ni safi na sawa na ya mwezi uliopita, jambo ambalo kiwanda kidogo kisichokuwa na mtaji hakikuweza kuliahidi. Kilichopungua pamoja nazo ni umbali kati ya bia na bia. Laga za wakubwa wawili zimesogeleana mno kwa rangi, uzito na uchungu, na mtu akifunikwa macho atatofautisha chache. Anayenunua bia Nyakisasa, kabla ya kulaumu au kusifu kampuni, atazame tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye chupa na achague iliyo mbali zaidi, kisha aulize kama kreti ilikaa juani. Mambo hayo mawili yanaathiri ladha ya glasi yake kuliko jina la mwenye hisa.