Sabuni, Machozi na Vita

Katika jamii yenye matabaka hakuna burudani isiyo na mwenyewe. Kanuni hii tunaikariri sana madarasani, lakini kanuni isiyopimwa kwa mfano hugeuka kuwa wimbo wa kasuku. Katika makala hii tunaipima kwa mfano mmoja: michezo ya kuigiza ya mfululizo iliyotangazwa na redio za Marekani wakati wa mchana, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili. Tumeichagua kwa sababu inamtatiza mchambuzi. Hapa chombo cha mabepari kilitumika katika vita vya haki dhidi ya ufashisti. Je, kilipotumika hivyo kilibadilika?

Msingi wa kiuchumi

Michezo hii haikuzaliwa na watunzi waliokuwa na jambo la kuwaambia watu. Ilizaliwa na haja ya wenye viwanda kuuza bidhaa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kulipia mchezo wa "Ma Perkins" ili kuitangaza sabuni ya unga iitwayo Oxydol. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mnunuzi wa sabuni ni mama wa nyumbani, mchana mama yuko jikoni, basi afuatwe huko huko kwa hadithi isiyokwisha, robo saa kila siku, siku tano kwa wiki.

Utungaji nao ukapangwa kama kiwanda. Frank Hummert na mkewe Anne walibuni mkondo wa kisa, na waandishi wa kulipwa wakajaza maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 michezo zaidi ya hamsini ilikuwa ikitangazwa, na Wamarekani wenyewe waliibandika jina la sabuni. Katika jambo hili lugha ya mitaani ilikuwa na uchambuzi mzuri kuliko vitabu vingi.

Vita inaingia jikoni

Mwezi Juni 1942 serikali ya Roosevelt iliunda Ofisi ya Habari za Vita, ikaiweka chini ya Elmer Davis, aliyekuwa mchambuzi wa habari redioni. Ofisi hii haikuvichukua vituo vya redio wala haikuwaondoa wenye sabuni. Iligawa ujumbe kwa zamu: kipindi hiki kihimize ununuzi wa hati za mkopo wa vita, kile kihimize wanawake kwenda viwandani, kingine kihimize kuokoa mafuta ya kupikia.

Tuliangalie hilo la mafuta. Mama aliombwa asimwage mafuta yaliyobaki kaangoni. Ayakusanye katika kopo, ampelekee muuza nyama kwa malipo madogo, ili itolewe gliserini ya kutengenezea baruti. Haja hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini gliserini hupatikana pale mafuta yanapogeuzwa kuwa sabuni, na wenye viwanda vya sabuni walikuwa miongoni mwa waliosukuma kampeni hiyo. Kwa hiyo kopo moja la mafuta lilitumikia taifa na kampuni kwa pamoja, nalo tangazo liliusifu uzalendo bila kuitaja faida.

Kodi nayo ilichangia. Sheria ya mwaka 1942 ilifikisha kodi ya faida ya ziada ya makampuni kwenye asilimia 90, lakini gharama za matangazo ziliruhusiwa kutolewa kabla ya kodi kukadiriwa. Karatasi za magazeti zilikuwa haba, hivyo fedha nyingi zikaelekea redioni. Bepari aliona heri aitumie fedha hiyo kulitangaza jina lake kuliko kuikabidhi hazina. Hivyo sehemu ya gharama ya uzalendo wake hewani ilibebwa na umma.

Nani hayumo?

Tukiigeukia michezo yenyewe kama sanaa, tusiwe wachoyo wa sifa. Ma Perkins alimpoteza mwanawe John vitani Ulaya. Katika nchi iliyopoteza askari zaidi ya laki nne, kumtia mama wa hadithi katika msiba uleule wa majirani zake lilikuwa jambo la ujasiri, hasa katika kipindi cha kuuza sabuni. Lakini tuulize: mama huyu ni nani? Ni mjane mwenye biashara ya mbao katika mji mdogo. Sauti iliyoitwa ya watu wa kawaida ilikuwa sauti ya mmiliki mdogo.

Rudolf Arnheim, mchambuzi wa sanaa aliyewakimbia Wanazi, alichapisha utafiti wake juu ya michezo hii mwaka 1944. Aliona kwamba mfanyakazi wa kiwandani karibu hayumo kabisa kati ya wahusika wakuu, na kwamba matatizo husababishwa na ubaya au udhaifu wa mtu binafsi, si na mfumo wa jamii. Ndiyo kusema, vita iliingia katika hadithi kama radi: inaua, inaliza, lakini haina chanzo.

Wakati wa vita waliingizwa pia askari Mweusi katika "Our Gal Sunday" na daktari Mweusi katika "The Romance of Helen Trent". Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, Marekani ilikuwa ikipigana na ubaguzi wa Hitler kwa jeshi lililotenga Weusi na Weupe, na amri ya kuukomesha utengano huo ilitolewa mwaka 1948 tu. Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo uliendelea kuitenga damu ya Weusi hadi mwaka 1950. Mhusika mmoja mwema hawezi kubeba mzigo wa ukweli ambao hadithi nzima inaukwepa.

Wafanyakazi wenyewe hawakupewa nafasi ya kusema. Mwongozo wa chama cha wenye vituo vya redio wa mwaka 1939 ulikataza kuuza muda wa matangazo kwa mambo ya "ubishani". Sabuni haikuwa ubishani. Madai ya mishahara yalikuwa ubishani. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kililazimika kukishtaki kituo cha WHKC cha Columbus, Ohio, mbele ya tume ya serikali, na shauri likaamuliwa mwaka 1945.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kusema kwamba michezo hii ilikuwa kasumba tu na wasikilizaji wake wajinga. Herta Herzog, mtafiti mwingine aliyetoka Ulaya, alizungumza na wanawake wenyewe, akaona kwamba walitafuta faraja, ndoto, na hata ushauri wa namna ya kuishi. Haja hizo ni za haki. Mwanamke aliyefungiwa jikoni peke yake alitafuta mwenzake, akapewa muuza sabuni. Dharau kwa msikilizaji ni tabia ya bwana, wala haimfai kada.

Kosa la pili ni kudhani kwamba ujumbe mwema ukipachikwa, chombo kimekwisha kubadilika. Wanawake walioajiriwa Marekani waliongezeka kutoka kama milioni 12 mwaka 1940 hadi zaidi ya milioni 18 mwaka 1945. Amani iliporudi wengi waliachishwa kazi za viwandani kuwapisha wanaume. Ujumbe wa "nenda kiwandani" ulikoma na vita. Ma Perkins aliendelea kusikika redioni hadi mwaka 1960.

Hapa na sisi tujisahihishe. Mara ngapi tumeandika mchezo ambao dakika yake ya mwisho huingia mwenyekiti, akatoa hotuba, na matatizo yote yakaisha? Hiyo ni njia ya Hummert bila sabuni. Mkulima anayesikiliza anajua kwamba maisha yake hayaishi hivyo, naye huzima redio. Kazi ya mtunzi mwanamapinduzi ni kuonyesha chanzo cha machozi, na kumpa mvujajasho nafasi ya kuwa mhusika mkuu, mwenye makosa yake na akili yake. Chombo kikiwa mali ya umma, hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni umma kusikia ndani yake sauti yake wenyewe.