Kakira na Ukuta wa Gisaka

Kwa anayevuka daraja la Rusumo akitoka Ngara, ng'ambo ya mto Kagera ndiyo nchi ya Gisaka, alikozaliwa Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Masimulizi humtaja kuwa mwanzilishi wa imigongo, nakshi za ukutani. Mwalimu wake hatajwi. Samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu huinuliwa kuwa matuta membamba, yakakauka, yakatiwa nyeupe, nyekundu na nyeusi. Kwa mbali mtu wa pwani atadhani ni vigae vilivyopangwa kimojakimoja. Sivyo: hapakubandikwa kipande. Pembe huzaa pembe kama kina kiitavyo kina, na kivuli cha tuta nacho ni rangi.

Aprili 1994 daraja la Rusumo lilipitisha wakimbizi zaidi ya laki mbili kuingia Ngara. Baada ya mauaji yale, wanawake wa Nyakarambi waliifufua sanaa hii, lakini juu ya vibao vya kuuza. Ufufuo huo si haba, ila una gharama yake. Ukutani nakshi iliufuata mwili wa nyumba, ikakunja kona pamoja nao. Kwenye kibao hukatika pale mnunuzi anapoweza kuibeba.