Madirisha ya Ofisi za Matai: Zabuni Ianzie kwenye Kalenda

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Huku Ufipa, Julai ni kiangazi kamili: mvua zilishakatika, mahindi yanavunwa, na upepo unapandisha vumbi la barabara za udongo mpaka kwenye vioo vya maofisi. Baada ya hapo huja miezi ya kuchoma nyasi na mabaki ya mashamba, masizi yakatua juu ya vumbi. Kwa hiyo mkataba wa usafi wa madirisha unaoanza na mwaka wa fedha hapa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, unaanzia kwenye miezi yake migumu. Mzabuni aliyeigawa kazi sawasawa kwa miezi 12 ataonja hasara kabla ya Novemba.

Bei nzuri huanzia kwenye dirisha moja. Dirisha la aluminiamu la kusukuma na dirisha la luva si kazi moja hata kama ukubwa ni ule ule. Luva hufutwa kipande kimoja kimoja, pande zote mbili, na wavu wa mbu utolewe kwanza. Ingia ndani ya jengo, hesabu kila aina, safisha dirisha moja la kila aina huku simu ikipima muda. Asiyeruhusiwa kuingia akague, mimi namshauri asiombe kazi hiyo.

Tuchukue mfano wa jengo la madirisha 60 ya aluminiamu, dakika 6 kwa kila moja, ndani na nje. Hizo ni dakika 360, yaani saa 6 za mtu mmoja. Ongeza robo kwa kuhamisha meza, kubeba maji na kusogeza ngazi, unapata saa 7 na nusu. Sasa weka kalenda: Julai hadi Oktoba mara mbili kwa mwezi, miezi 8 iliyobaki mara moja moja. Jumla ni mizunguko 16, saa 120. Aliyekadiria mizunguko 12 amelipisha saa 90. Jengo likidai usafi ule ule, saa 30, robo nzima ya kazi, zitatoka mfukoni mwake.

Ratiba ya siku nayo ina hesabu yake. Sabuni ikikaukia kwenye kioo chenye jua huacha michirizi, na kioo hicho kitarudiwa. Asubuhi anza upande wa magharibi, mchana hamia mashariki. Matai iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi zaidi ya 8, hivyo miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Madirisha ya kusini yana kivuli kutwa na yanaweza kuachwa kwa saa za mchana. Masika kazi ya nje ifanywe asubuhi, kwa kuwa mvua za mchana hurusha tope kwenye vioo vya chini.

Kuhusu gharama, wengi hukumbuka sabuni na vitambaa wakasahau watu. Mwajiri anadaiwa mchango wa hifadhi ya jamii na wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na anayepandisha mtu ngazini asiudharau huo wa pili. Kampuni ya Sumbawanga pia inabeba nauli ya kilomita zipatazo 50 kila mzunguko, kwenda na kurudi. Kikundi cha Matai hakina mzigo huo. Nguvu yake iko hapo, hasa kikipata majengo mawili au matatu ya jirani na kuyapanga siku moja.

Tangu Oktoba 1, 2023 ununuzi mpya wa umma unapitia mfumo wa NeST, na sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mlango upo. Lakini muda wa kuwasilisha ukishafungwa, bei uliyoandika ndiyo hiyo, na bei ya chini iliyokosewa huumiza kikundi mwaka mzima. Nashauri bei itajwe kwa kila mzunguko, na malipo yafuate mizunguko iliyokaguliwa na kusainiwa. Mwezi wa vumbi ukidai kazi zaidi, hapatakuwa na ubishi.

Maofisa ununuzi nao wana sehemu yao. Nyaraka za zabuni zinazosema tu “madirisha yawe safi wakati wote” zinamlazimisha kila mzabuni kubahatisha, na anayeshinda huenda akawa ndiye aliyekosea zaidi. Andikeni idadi ya madirisha kwa aina zake na idadi ya mizunguko kwa kila mwezi, kabla zabuni haijatangazwa.