Kaunta Buku ya Kwaya Tatu

Muuza madaftari wa Kariakoo ninayemwendea kila Desemba ameshanizoea. Hanitajii bei. Ananisogezea bunda zima la kaunta buku, kisha anaendelea na wateja wengine, maana anajua nitachambua moja moja.

Naanza na mgongo. Nalisimamisha daftari na kulitazama kwa juu, pale karatasi zinapoingia kwenye jalada. Lililoshonwa huonyesha mafungu yaliyokunjwa, moja baada ya jingine, na ukifunua katikati ya fungu utakuta uzi. La gundi tupu ukingo wake umenyooka kama uliokatwa kwa kisu, nami nalirudisha. Dar es Salaam ni mji wa joto na unyevu wa bahari. Gundi hafifu ikikaa miezi mitatu ndani ya mkoba, karatasi huanza kuchomoka, na ya kwanza kuchomoka ndiyo yenye namba ya simu unayoitafuta. Halafu nalilaza wazi na kulikandamiza kwa kiganja. Lililoshonwa vizuri hutulia. Lisilotulia litakudai mkono wa pili kila unapoandika.

Unene nao una hesabu yake. Kwaya moja ni karatasi 24, na zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 96. Kaunta buku ya kwaya mbili, yaani kurasa 192, hunimalizikia Agosti. Ya kwaya nne ni tofali. Ya tatu, kurasa 288, ndiyo ya mwaka mzima kwa mtu mwenye siku za kawaida.

“Kaka, naomba nijaribu kalamu ukurasa wa mwisho.”

“Jaribu, dada yangu.”

Nageuza nione kama wino umetokea upande wa pili. Karatasi ya gramu 60 kwa mita ya mraba huvumilia kalamu ya kawaida lakini hushindwa na wino mwepesi. Ya gramu 80, uzito uleule wa karatasi ya fotokopi, huubeba bila kulalamika.

Nayataka haya yote kwa sababu naandika siku zangu kwa utaratibu wa alama. Mmarekani Ryder Carroll, mbunifu aliyehangaika tangu utotoni na mawazo yasiyotulia, aliutangaza wake mwaka 2013, na mwaka 2018 akautolea kitabu. Kazi huwekewa nukta, iliyokamilika hupigwa msalaba, iliyosogezwa mbele hupewa mshale, tukio hupewa duara. Kurasa hupewa namba, na mwanzoni huwekwa faharasa. Nilipousoma nilimkumbuka mama, kijumbe wa upatu wa mtaani kwetu. Daftari lake lilikuwa na majina upande wa kushoto, alama ya vema kwa aliyetoa, duara kwa aliyekwisha kupokea, na mstari mrefu kwa aliyeomba asubiriwe wiki ijayo. Mabishano yakizuka alifungua, akaweka kidole kwenye jina, na sauti zikashuka.

Wapenzi wa utaratibu wa Carroll husifu karatasi ya vinukta. Nimeyashika madaftari ya namna hiyo katika maduka ya Posta, nayo ni mazuri kweli, karatasi laini, utepe wa kuwekea alama. Mimi nabaki na mistari ya kaunta buku, kwa sababu inanifundisha kuandika kwa ufupi: jambo moja, mstari mmoja, kama jina la mwanachama wa upatu. (Neno lenyewe daftari lilitufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi. Kila ninapopapasa jalada gumu nalikumbuka hilo.)

Nikishalipa navuka Mnazi Mmoja kwa miguu hadi Posta, daftari kwapani, na usiku huohuo naandika namba za kurasa kwa mkono, 1 hadi 288. Kazi hii ndiyo inayonijulisha nimechagua nini. Mwaka huu ukurasa wa 144 na wa 145 zilikuwa zimegandana ukingoni. Nilizitenganisha taratibu kwa wembe, zikalala wazi pande zote mbili, na katikati yake ukaonekana uzi mweupe, mishono mitano, imekazwa.